Orodha ya Jezi

Rosalie alibadilisha namba mbili tu, akabonyeza kitufe, na mashine ikaanza kutema karatasi kabla dhamiri yake haijaamka.

"Bado tu, mwanangu?" mama yake aliuliza kutoka jikoni. Yeye ndiye aliyekuwa akisimamia mambo ya timu, na kila yalipokaribia mashindano alimwachia binti yake kazi ya kuchapa orodha.

"Tayari, Mama."

Kwenye orodha ile Teagan Mulroy alikuwa namba nne, na Rosalie Tedesco kumi na saba. Uwanjani ilikuwa kinyume chake: jezi ya nne ni ya Rosalie, ya kumi na saba ni ya Teagan. Wachezaji wenyewe hawaisomi orodha. Wanaoisoma ni makocha wa vyuo, wanaokuja kila Julai na viti vyao vya kukunja, wakakaa kando ya uwanja na kuandika. Sheria inawakataza kuzungumza na wasichana. Wanachokiona ni namba mgongoni. Jina na simu wanavipata kwenye karatasi.

Jumamosi angekuja kocha mpya wa Chuo cha Ashcombe. Alikuwa amebakiza nafasi moja kwenye timu yake.

Rosalie alikuwa na bango la Ashcombe ukutani tangu ana miaka tisa. Teagan alikisikia chuo hicho majira ya kuchipua yaliyopita, kwa Rosalie huyohuyo, akamaliza kutafuna mkate wake na kusema, "Na mimi nitajaribu."

Maneno hayo yalimkwama Rosalie kooni kama mwiba wa samaki. Teagan alijaribu kila kitu, na kila kitu kilimkubali. Hata lakrosi, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa vijiti vyenye wavu, aliianza kwa sababu Rosalie alikuwa na kijiti cha ziada, kilichokatika wavu upande mmoja. Mwaka uliofuata alikuwa anafunga magoli, na baba yake Rosalie alikuwa anampigia makofi zaidi ya baba yake Teagan mwenyewe.

Jumamosi jua liliwaka tangu asubuhi. Chini ya hema la timu, Teagan alimtupia Rosalie kipande cha chungwa.

"Mbona umenuna hivyo? Kula. Na leo unipe mpira, we mchoyo. Tangu Juni hujanipa pasi hata moja. Unadhani sihesabu?"

"Leo nitakupa mpaka useme basi."

"Haya, tutaona. Mimi sishibi."

Rosalie hakuwa anatania. Kila goli la kumi na saba lingeandikwa Tedesco, basi kazi yake siku hiyo ilikuwa moja, kumlisha kumi na saba. Mpira ulipoanguka aliinama kuuokota katikati ya vijiti vya watu, akapigwa vidole, akatoka nao. Mpinzani alipochomoka, alimfukuza kutoka ncha moja ya uwanja hadi nyingine na kumpokonya. Mara moja alijikuta mbele ya goli, kipa ameshapotea njia, hakuna mtu. Akamtupia Teagan.

"Hee! Ungefunga mwenyewe!" Teagan alimpigia kelele baada ya kufunga.

"Funga, nyamaza."

Goti lilikuwa linatoka damu, wala hakulitazama. Miaka yote alicheza huku akijiuliza anaonekanaje. Leo hakujiuliza. Nani angehangaika na namba nne?

Mwanamke mwenye kofia ya kijani ya Ashcombe aliinuka kitini mara mbili. Teagan alipofunga goli la tano, mwanamke yule alikuwa ameinamia karatasi, kalamu inakimbia.

"Andika, mama," Rosalie alinong'ona nyuma ya miwani yake ya chuma ya kukinga macho. "Andika yote."

Filimbi ya mwisho ilipolia, Teagan alimrukia shingoni, jasho tupu. "Matano, Rosa! Na yote umenipa wewe! Umekula nini leo?"

Rosalie alimkumbatia kwa mkono mmoja.

Agosti ilikwenda kwa mwendo wa konokono. Tarehe mosi Septemba ndiyo siku ambayo sheria inawafungua midomo makocha kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari, kama wao. Rosalie alipotoka shule aliketi kwenye ngazi za nyumbani, simu mapajani, akiigeuza na kuigeuza. Alishaandaa hata maneno ya kujibu. Alishajizoeza kushangaa.

Saa kumi kasoro, Teagan alifika mbio, akaitupa baiskeli juu ya nyasi.

"Ashcombe! Rosa, Ashcombe wananitaka!"

Rosalie aliacha kuigeuza simu. "Wewe?"

"Mimi! Wamenitaja kwa jina langu kabisa! Nilikuwa darasani, kocha wao ameniachia ujumbe. Lakini kuna kitu sikielewi, labda wewe utakielewa. Sikiliza."

Aliiweka simu katikati yao, juu ya ngazi. Sauti ya mwanamke ikatoka, nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kupaza sauti uwanjani.

"Teagan, habari yako. Nitasema wazi: wafungaji ninao wa kutosha. Yule mwenzako wa kumi na saba, Tedesco, anafunga vizuri, ila anangoja kuletewa. Mimi namtaka anayeokota mpira miguuni mwa watu, akarudi uwanja mzima kukaba, na akiliona goli liko wazi anampa rafiki yake. Nafasi ni yako. Miaka ishirini niko kwenye mchezo huu, na sijawahi kuona msichana asiye na wivu kama wewe, namba nne."