Nyundo ya Fundi Bati

Ruolan alijifunza kusikiliza Kiingereza katika chumba kilicho juu ya karakana ya baba yake, fundi bati, ambaye nyundo yake ilimkatiza kila Mwingereza aliyezungumza kwenye kaseti. Mwingereza akiuliza njia ya stesheni, nyundo ilidakia: ko, ko, ko. Hata hivyo binti alipata majibu yote ya mazoezi.

Ilipobaki siku moja kabla ya mtihani wa kuingia chuo, baba akaamua kuwa mzazi mwema. Akaweka nyundo chini, na wateja akawafukuza kama kuku. Huko juu, Ruolan akakosa nusu ya maswali. Akashuka mbio.

"Baba, gonga!"

"Nigonge nini? Si nimenyamaza kwa ajili yako?"

"Ndiyo maana sisikii kitu. Kukiwa kimya nausikia moyo wangu tu, nao haujui Kiingereza."

Baba akacheka, kisha kicheko kikamkauka.

"Na kesho, mwanangu, nani atakugongea? Hata magari yamekatazwa kupiga honi karibu na chumba cha mtihani."

Ruolan akapanda kuchukua redio ya kaseti. Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, karatasi magotini, akawasha kaseti upya. Baba akaokota nyundo, akaanza kugonga sufuria kama kawaida yake. Swali la pili akagonga polepole zaidi. La tatu akagonga kidogo tu, kama mtu anayerudishia mlango wa chumba alimolala mtoto.

Swali la mwisho lilipoanza, nyundo ilikuwa imesimama hewani, na kalamu ya Ruolan pia.