Futa Vilivyojirudia

Zama hizo nyumba ilifuata mchoro wake: ukifuta dirisha kwenye kompyuta, linatoweka ukutani. Na mchoro ulibeba kila kitu, hadi wenye nyumba.

Minza, fundi wa michoro aliyekimbiliwa na mtaa mzima, hakutetereka mchoro wa nyumba yake ulipoanza kukwamakwama. "Umejaa vitu vilivyojirudia. Nikivifuta, utakuwa mwepesi."

"Weka nakala kwanza, Mama Kulwa," alisema mumewe, Mabula.

"Mimi huyu?" Akabofya. Mchoro ukateleza kama umepakwa mafuta.

Chumbani, pacha wao Kulwa na Doto, waliovishwa sare kama kawaida, walikuwa wakicheka. Kicheko kimoja kikakatika.

Wakati wa chakula, Minza alimtazama mwanawe wa pekee.

"Baba Kulwa," aliuliza, "hivi huyu tulimpa jina la pacha kwa nini?"