Mkono Katikati ya Gucha

"Shika mkono, wewe!"

Job Obwocha hakushika. Alikuwa amelikumbatia jiwe katikati ya Mto Gucha kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa, maji ya kahawia yakimtandika mgongoni, helmeti imemziba jicho moja. Boti la mpira lilikuwa limekwama kwenye mawe kando yake, abiria wengine wakiulalia upande wa pili lisipinduke. Kutoka botini mkono wa mwanamke ulimnyookea, karibu kabisa. Mwenye mkono alitazama pembeni, kana kwamba hawezi kuona mtu akifa.

"Unaogopa nini?" alifoka nahodha, mgeni kutoka Sagana, huku akining'inia kwenye kamba ili boti lisichomoke.

"Nipe kasia!"

"Makasia yamekwenda na maji, bwana!"

Asubuhi Job aliingia botini akijitapa, akimpungia mkewe Roselyne aliyebaki ukingoni. Kisha kundi la kina mama wa Ekerenyo likafika limechelewa, na mmoja wao akapewa nafasi iliyobaki, nyuma kabisa. Job aligeuka mara moja tu, akarudisha macho mbele kama aliyeungua. Majigambo yakaishia hapo. Boti lilipogonga mwamba, yeye ndiye aliyerushwa.

Sasa vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Chini kidogo maporomoko yalinguruma, na hakuna aliyewahi kutoka humo na mifupa yake yote.

"Mama, basi mkamate jaketi la kuokolea, umvute!"

Mkono ule ukasita, ukarudi nyuma.

"Mwenyewe hataki," alisema mwanamke.

"Watu gani nyinyi? Mtu anakufa!"

Mkono wa kushoto wa Job ukateleza. Alimwona Roselyne akikimbia ukingoni, mikono kichwani. Akafumba macho, akaanza kuomba.

Kitu kizito, kilicholowa, kikampiga usoni. Leso! Mwanamke alikuwa ameifungua kiunoni, kashikilia ncha moja. Job akaidaka ile nyingine kwa mikono miwili na meno pia. Akavutwa, akaangukia botini, akatambaa mbio hadi pembe ya mbali, akajikunja huko kama kifaranga aliyenyeshewa.

Walipofika ukingoni, Roselyne alimkagua mumewe kichwa hadi miguu. Mzima. Kisha akamrukia yule mwanamke shingoni, pumzi juu juu.

"Mama, niambie ukweli," alinong'ona. "Umemgusa mkweo?"