Mkojo wa Kuazima

Mgeni hajafika, mwenyeji keshakaguliwa. Mkishindwa nipeni mji: ni mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa na choo cha siku hizi. Akikojoa, choo hupima. Kikikuta maambukizi, gari huja kumchukua, akajifungulie nyuma ya kioo, katengwa na watu, na mtoto harudishwi kwao mpaka aanze kutembea.

Siwema, naye wa miezi tisa, alikuwa akisikia moto kila akienda haja ndogo. Akambana wifi yake, Mize, jikoni.

“Nikojolee, wifi yangu. Kikiuliza jina, nitaitika mimi.”

“Makubwa! Chumvi umeazima, leo mkojo?” Mize alicheka, lakini akaenda.

Choo kikauliza jina; Siwema akaitika mlangoni. Choo kikapima, kisha kikasema: “Siwema, mama na mtoto ni salama. Hutapimwa tena.”

Mama mkwe akapiga vigelegele uani. Siwema naye akacheka, ingawa alijua zahanati haimpokei aliyeambiwa na choo kwamba ni mzima.

Alasiri akajifunika khanga mbili juani, meno yakigongana.

“Wifi, mtoto anacheza?” Mize akamuuliza akicheka.

“Amelala tu,” akajibu Siwema.

Mize akamgusa paji la uso, akalikuta linawaka moto, na kicheko kikamkauka.