Ile Kubwa Ilitangulia

Swali lilikuwa moja, lakini kwenye skrini ya Asnath majibu yalitoka mawili. Swali lenyewe lilitoka zahanati ya Ulyankulu: dozi ya mtoto mmoja.

Asubuhi hiyo, ofisini pale Tabora mjini, alikuwa ameweka toleo jipya la programu inayozipelekea zahanati za vijijini vipimo vya dawa za watoto kwa meseji. Toleo la zamani lilikuwa na kosa: lilimpigia mtoto hesabu ya mtu mzima. Alifuta faili za toleo hilo kwenye seva, akasahau kulizima kwanza.

Kumbe lilikuwa bado linapumua humo ndani, linajibu.

Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umezama kwenye ngozi ya kidole cha shahada. Damu ilichungulia, naye hakusikia maumivu.

Alimpigia muuguzi wa Ulyankulu.

"Dada, umepata meseji ya dozi ya yule mtoto?"

"Nimepata mbili, dada. Hazifanani."

"Fuata dozi ndogo. Hiyo kubwa ina kosa."

Kwa mbali, kwenye simu, mama alikuwa anambembeleza mtoto: basi, umeshameza dawa, usilie.

"Ndogo imeingia sasa hivi," muuguzi alisema polepole. "Ile kubwa ilitangulia."