Mweusi wa Isikizya

Hilali alikuwa na chumba kizima cha mizuka, na Tabora nzima hakupatikana mtu wa kumpokea hata mmoja wa bure.

Mzuka ni vunjajungu, yule mdudu anayekunja mikono kama anaomba dua, ila huyu amejikausha utadhani jani la mwaka jana. Mwaka juzi wafugaji walimgombania. Mwaka jana wakamtupa, wakahamia kwa mwenye maua mgongoni. Mwaka huu, wallahi, wamerudi kwa kijani wa kawaida, anayekaa kwenye mpera bila kualikwa na mtu.

Mitindo yote hiyo ilianzishwa na mtu mmoja kwenye kundi lao la WhatsApp, aliyejiita Jungu Zima. Hakuna aliyewahi kusikia sauti yake. Wengine walisema yuko Mwanza, wengine Dar. Akiandika asubuhi kwamba mizuka wamechosha, jioni watu wanaanza kugawa mizuka. Hilali, fundi kanzu wa Gongoni mwenye akili zake timamu, naye alifuata tu.

Lakini safari hii hakuwa anawatoa kwa ajili ya mtindo. Alitaka kuoa.

Alimpenda Jihan mpaka akawa anakosea vipimo. Bwana mmoja mnene alishonewa kanzu yenye mikono ya mtoto wa madrasa. Jihan naye alimpenda, hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa baba. Mzee Humaid aliuza sahani, vyungu na vikombe vya kahawa, duka zima la vitu vya kuvunjika, na kila mtu anajua kwamba ukimgusa vunjajungu, chombo utakachoshika baadaye kitavunjika. Mzee hakutaka hata neno lenyewe litajwe mbele yake. Ile karamu ya siku ya mwisho kabla ya Ramadhani, ambayo mji mzima unaiita vunja jungu, yeye aliiita chakula cha Shaabani.

"Baba akijua unafuga, tumekwisha," Jihan alimwambia. "Watoe wote kabla ya posa. Na usibakize mmoja uvunguni, nakujua."

Posa ikapangwa siku ya hicho chakula cha Shaabani.

Hilali akawatoa. Mizuka akawaachia vichakani, wenye maua akawagawa, ndizi mbivu alizokuwa akizilaza chumbani ili zivutie inzi wa kuwalisha akazitupa. Akabaki mmoja aliyemuuma roho: mweusi tii, aliyemwokota kwenye pori lililoungua karibu na Isikizya. Hakuna mfugaji aliyewahi kuona mweusi kama yule. Alipotuma picha kwenye kundi, Jungu Zima, ambaye hakuwahi kumwomba mtu kitu, alimwandikia pembeni: "Nipe huyo. Nitakupa chochote utakachotaka."

Hilali alishinda na mdudu wake kutwa nzima, machozi yakimlenga bila aibu. Kisha akajibu: "Mchukue. Siku moja nitakudai."

Akaambiwa kopo aliache kwa Sadiki, muuza kahawa wa sokoni. Bila shaka Sadiki angelipakia kwenye basi la Mwanza. Hilali aliligusa kopo mara ya mwisho, akaondoka haraka kabla hajabadili mawazo.

Siku ya posa alinawa mikono mpaka vidole vikajikunja. Alipoingia sebuleni kwa Mzee Humaid na kutoa shikamoo yake, harufu ya ndizi mbivu ikampiga puani: kumbe nguo zake bado zilikuwa zinanuka! Akajibana kwenye pembe ya kochi.

Ami yake, Yaqoub, alizungumza vizuri. Akausifu ukoo, akaisifu dini ya kijana, akazisifu hata cherehani. Mzee Humaid alisikiliza, uso ameukaza. Kahawa ikaletwa kwenye vikombe vya marehemu mama yake mzee, vile ambavyo havitolewi kwa mgeni hivi hivi. Hilali akapokea chake kwa mikono miwili.

"Nimesikia unafuga wadudu," mzee akasema.

Ami Yaqoub akakohoa. Hilali alitamani kukana, akashindwa. Huwezi kuanza na baba mkwe kwa uongo.

"Nilikuwa nafuga, mzee. Nimewatoa kwa ajili ya Jihan."

"Wote?"

"Wote."

"Hata yule mweusi?"

Kikombe kikamponyoka. Kikagonga sakafu, vipande vikatawanyika mpaka chini ya kochi. Ami Yaqoub akashika kichwa. Hilali aliiona ndoa yake imelala pale chini pamoja na kahawa, na kwa mara ya kwanza maishani akatamani sakafu ya mtu immeze.

Mzee Humaid aliinama akavitazama vile vipande. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka kofia ikamkaa upande, na nyuma ya pazia Jihan naye akashindwa kujizuia.

"Vunjajungu," mzee akasema, akijifuta machozi.

Kisha akatoa simu mfukoni mwa kanzu, akavaa miwani, akaisogeza mbali kidogo na macho.

"'Siku moja nitakudai,'" akasoma. "Haya, kijana. Dai."