Kivuli cha Nakunde

Tangu maradhi ya kikohozi cha kuambukiza yafunge viwanja, ligi ya vyuo ilichezwa na vivuli. Mchezaji alibaki kwao amevaa bangili iliyosoma mwili wake, na kivuli chake kikacheza mpira wa kikapu kwenye runinga, kwa nguvu zile zile alizoamka nazo. Akilala vibaya, kivuli kilikosa kila kikapu.

Ndiyo maana mama yake Nakunde hakumruhusu hata kuosha sufuria. "Acha, mwanangu. Mkono huo una fainali."

Siku ya fainali walikaa mkekani wakila ugali na dagaa kwenye sahani moja, kama walivyozoea tangu baba afariki. Nakunde alikikodolea macho kivuli chake. Kilikuwa na mbinu ambazo hakuna kocha aliyemfundisha.

"Umeona, mama? Mimi sijawahi kuruka vile! Kimejifunzia wapi?"

"Labda kinakujua kuliko unavyojijua," mama akacheka, akamega tonge.

Robo ya tatu kivuli kikapokonya mpira, kikakimbia nao hadi chini ya kikapu. Hapo kikasimama. Kikauachia mpira, kikashika kifua, kikakohoa. Vivuli vingine vyote vikarudi nyuma.

Nakunde akajigusa shingo. Haikuwa na joto.

"Mama, mimi ni mzima kabisa. Si unaniona?"

"Nakuona, mwanangu," mama alijibu, macho yakiwa bado kwenye runinga. Kisha akainuka taratibu, akaingia jikoni, akarudi na sahani ya pili.